Kabirateri kwa Mara ya Tatu

Fundi wetu wa moteri za boti, pale Kashikishi kando ya ziwa, hagusi kitu bila kukinusa. Ananusa bujii inayotoa cheche, ananusa kamba ya kuwashia, kisha anatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Moteri ya Mama Laurentine ni ya zamani: inawaka vizuri, inaenda dakika kumi, halafu inaishiwa nguvu na kuzima katikati ya ziwa. Siku hiyo boti ilijaa samaki wa kuuza Kilwa, ng'ambo ya ziwa, na barafu ilikuwa inayeyuka. Fundi akafungua kabirateri, pale mafuta yanapochanganyika na hewa, kwa mara ya tatu. Skuru huwa anaziweka mdomoni zisipotee, kwa hiyo anajibu watu kwa pua.

“Baba fundi, samaki inaoza!”

“Mama, pole pole. Hii moteri ni kama mutu mugonjwa, haipendi kelele.”

Mgonjwa, eti! Mimi, mpakiaji wa samaki, nikaangalia tangi ya esanse. Kifuniko kilikuwa kimefungwa plastiki, imekazwa kwa kamba ili mawimbi yasiingie. Basi na hewa haikuingia, na bila hewa mafuta hayashuki. Nikakata kamba, plastiki ikaanguka. Tangi ikavuta pumzi: fyuuu!

“Nani alifunga hii?” nikauliza.

“Si yeye fundi mwenyewe, juma lililopita!” Mama akasema.

Fundi akatema skuru zote mkononi, akarudisha kabirateri. Moteri ikanguruma, boti ikazunguka bandarini kwa majaribio, dakika kumi zikapita, haikuzima, ikarudi.

“Mumeona?” akasema fundi. “Nilijua ni kabirateri.”

Akaokota ile plastiki, akaipangusa vizuri, akaenda kuifunga kwenye tangi ya boti iliyofuata.