Sikio la Specioza

"Zima hiyo mashine, Japhet!"

"Nizime nini? Kuna akina mama kumi na wawili hapa na magunia yao. Wewe shika kompyuta yako, mimi niachie mpunga wangu!"

"Dakika tano tu, mdogo wangu."

"Ikizimika, hendeli ya kuiwasha atazungusha nani? Wewe?"

"Mimi hapa!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Specioza, mwenye steshenari ya sokoni Majimoto, alikuwa mwembamba wa kubebwa na upepo, na hendeli ile ingeweza kumrusha mpaka kijiji cha Mamba akaangukie kwenye uji wa mtu. Lakini yeye hakucheka. Dukani kwake, ukuta mmoja na mashine ya kukoboa, Edina binti Nyanzala alikuwa amekaa mbele ya kompyuta kama aliyefiwa. Fomu yake ya chuo cha uuguzi ilishajazwa yote, bado kutuma tu. Maombi yanafungwa saa kumi, na sasa ni saa tisa na nusu. Mausi imegoma. Taa yake nyekundu inawaka, lakini mshale umeganda katikati ya kioo na kompyuta haitambui kama kuna kitu kimechomekwa.

Specioza alikuwa ameshaizima na kuiwasha kompyuta. Akahamisha mausi tundu la pili, la tatu, hola. Akajaribu kwenda kwa vitufe vya kibodi, akafika sehemu ya picha ya Edina kwenye fomu, ukurasa ukakataa kusogea. Akachomeka flashi kwenye tundu lilelile, faili zikafunguka. Tundu ni zima, basi. Ugonjwa uko kwenye mausi yenyewe, na mahali ulipo atapajua kwa kusikia tu, maana kompyuta hulia kidogo kila inapopokea kitu, na mashine ya Japhet inaumeza mlio huo.

Na sikio la Specioza si la kawaida. Akiwa dukani kwake huweza kusikia simu ikiishiwa chaji kule Usevya, na akakutajia ni ya nani.

"Japhet, huyu mtoto akikosa leo ni mwaka mzima tena," alisema, sasa kwa upole. "Na huyu ndiye atakayekuchoma sindano uzeeni. Akukumbuke kwa lipi?"

Japhet akawatazama akina mama. Bibi mmoja akaketi juu ya gunia lake. "Zima, baba. Mpunga hauna miguu."

Mashine ikakohoa, ikafa. Majimoto ikanyamaza hivi kwamba watu wa Usevya walitoka nje kuulizana nani amefariki.

Specioza akainama, sikio karibu na kompyuta, akaanza kuupapasa waya wa mausi kwa vidole, inchi kwa inchi, akiukunja na kuukunjua. Kimya. Kimya. Alipofika pale waya unapoingia tumboni mwa mausi, kompyuta ikalia: ti-ti! Akalegeza, ikalia mlio wa kuaga. Akakunja tena, ti-ti!

"Nimeiua mwenyewe," alisema, akajipiga paji la uso. Kila jioni aliifunga mausi kwa waya wake, akikaza kama anayefunga mbuzi wa mahari, aipeleke nyumbani ndani ya kanga isiibwe. Miaka mitatu ya kukaza, nyuzi za ndani zimekatika. Zilizobaki zilitosha kuwasha taa, hazikutosha kupeleka habari.

Hakupoteza muda kujilaumu. Akachana ukanda wa mpira wa baiskeli, akaupinda waya pale mlio uliposikika, akaufunga. Mshale ukatikisika, ukakimbia.

"Bonyeza mwenyewe, mwanangu. Taratibu."

Edina akabonyeza. Kiduara kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka, kisha yakatokea maandishi ya kijani: ombi limepokelewa. Saa tisa na dakika hamsini na tatu.

Vigelegele vikatoka kwenye foleni mpaka kuku wakaruka ukuta. Japhet akaingia kifua mbele. "Semeni kweli, nani kampeleka huyu mtoto chuo? Si ukimya wangu?"

"Ukimya wako! Tangu uzaliwe leo ndiyo mara ya kwanza unanyamaza!"

"Dada Specioza, mimi nikiamua kunyamaza hata..."

Mlangoni alisimama Nyanzala, mama yake Edina, makapi ya mpunga kichwani, kanga imefungwa kiunoni, amekuja mbio kutoka bondeni alikokuwa anapura. Alimtazama mwanawe, kisha saa ya ukutani. Specioza akamgeuzia kioo chenye maandishi yale ya kijani.