Mtungi wa Uchumba

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa Bahija ni kwamba chakula hakukiangalia, alikinusa. Ukimwekea sahani mbele alifumba macho, akainamisha kichwa kidogo kama anayenong'onezwa siri, na pua yake nyembamba ikacheza mara mbili. Ndipo alipofumbua macho na kutoa hukumu. Katika mtaa wa Jallum, mjini Aleppo, hukumu hiyo iliaminiwa kuliko muhuri wa serikali.

Alikuwa mjane, na pua hiyo ndiyo iliyomlisha. Kila Aprili, Mabedui waliposhusha samli ya kondoo kutoka nyikani ndani ya viriba vya ngozi, wanawake wa mtaa walimtuma sokoni awachagulie akiba ya mwaka mzima. Alikwenda na kijiti cha mwanzi chenye urefu wa mkono. Alikichomeka ndani ya kiriba mpaka chini kabisa, kwa sababu juu kila mtu huwa mwaminifu. Alikichomoa polepole, akapaka mafuta ya ncha nyuma ya kiganja, akasugua, akanusa. Kwa kila kiriba alichokikubali, mwenye nyumba alimpa bakuli moja la samli. Kwa mabakuli hayo alimlea binti yake, Nuha, tangu mumewe alipofariki, mwaka ule vita vikubwa vilipokwisha.

Mwaka huo ratili moja ya samli ilikuwa lira kumi na mbili, na watu walilia kwamba ni ghali. Miaka kumi baadaye ilifika ishirini na moja. Nyama ilipanda, sabuni ikapanda, hata mkate wa ufuta ambao zamani mtoto aliununua kwa sarafu ya kuokota njiani nao ukapanda. Vitu viwili tu vilibaki rahisi: tiketi ya sinema ya wanawake ya Jumatano mchana, kirshi hamsini, yaani nusu lira, na mafuta ya kiwandani, lira nane kwa ratili.

Mafuta hayo Bahija aliyachukia kama mtu anavyochukia panya ndani ya unga. Yalitengenezwa kwa mbegu za pamba, lakini kwenye debe lake alichorwa kondoo mnono anayecheka.

"Kondoo anacheka nini?" aliuliza kila alipoliona debe hilo dukani. "Anatucheka sisi. Hata hajawahi kupita karibu na kiwanda hicho!"

Yalipokuwa ya moto hayakunuka chochote, na hilo lilimtia hofu zaidi, kwani kitu kisicho na harufu ni kama mtu asiye na ukoo. Yalipopoa yaliganda kwenye kaakaa kama nta ya mshumaa, na ulimi ukajiona umevalishwa soksi iliyolowa. Jirani akimletea wali uliopikwa kwa mafuta hayo, alishukuru, akafunga mlango, kisha akawapa paka. Naapa paka wenyewe walifikiri kwanza.

Mara moja tu Nuha alimshawishi waende sinema. Ukumbi ulijaa wanawake, watoto, maganda ya mbegu za maboga na vilio vya kabla ya wakati, maana filamu ya Kimisri ilisifiwa kwamba inaliza. Taa zikazimwa. Badala ya filamu, ukutani ikatokea picha ya mwanamke mwenye nywele za mawimbi na midomo ya rangi, akilamba kijiko cha mafuta ya kiwandani na kufumba macho kwa raha. Bahija alisimama katikati ya giza.

"Tema, mwanangu!" alipiga kelele. "Tema, utaumwa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye alitoka nje akiwa na kichefuchefu cha kweli, akamngojea binti yake barabarani kwa saa mbili na nusu.

Sasa, Mungu naye ana mizaha yake. Kijana aliyekuja kumposa Nuha, Adib, alikuwa fundi wa mashine ya sinema hiyohiyo. Picha ya yule mwanamke na kijiko chake ni yeye aliyeirusha ukutani. Bahija alimeza hilo, kwa sababu kijana alikuwa na adabu, alimpenda Nuha, na Nuha, ambaye kwa kawaida alisema neno moja kwa siku, alikuwa ameanza kuimba akifua.

Kulikuwa na desturi kwamba kabla ya harusi mama wa kijana apeleke kwa wakwe mtungi wa samli, umefungwa kwa plasta na utepe wa kijani, ufunguliwe mbele ya majirani. Kila mmoja angechovya kidole, alambe, apige kigelegele. Mtungi huo ndio uliosema familia ya kijana inamheshimu bibi harusi kiasi gani. Na zawadi haichunguzwi. Kumchunguza mkwe ni sawa na kumwambia, "Nimekushika mwizi."

Mama yake Adib, Bi Wajiha, alikuja Jumapili mchana, amevaa baibui jipya, nyuma yake hamali amebeba mtungi mkubwa kama mtoto wa miaka saba. Majirani walikwisha kujaa uani. Plasta ikavunjwa. Vidole vikaingia, midomo ikalamba, vigelegele vikapasua hewa.

"Samli, si maneno!" alisema Fattum, jirani wa mlango wa pili, ambaye ulimi wake haukujua likizo. "Umenunua wapi, Mama Adib?"

"Kwa Haji Bakri, sokoni," alisema Bi Wajiha kwa fahari. "Nilionja kwenye kiriba kwa ulimi wangu mwenyewe, kisha yeye akanijazia na kuufunga. Lira ishirini na moja ratili, sikupunguziwa hata kirshi."

Bahija naye alilamba. Ilikuwa nzuri. Lakini mtungi ulipoinamishwa, pua yake ikacheza mara moja, ikasita.

Fattum hakupitwa na kitu. "Mama Nuha, mbona leo kijiti kimelala ndani? Au zawadi za wakwe hazinuswi?"

Wanawake wakacheka, Bi Wajiha pia. "Mletee kijiti chake," alisema. "Mimi sina la kuficha."

Bahija angekataa, wangesema anaficha aibu ya wakwe. Angekubali, angewachunguza. Nuha, aliyesimama mlangoni na sinia la kahawa, alikuwa amekuwa mweupe kama sinia lenyewe. Bahija akakichomeka kijiti. Kilishuka vizuri, kisha, kiasi cha kiganja kimoja tu chini, kikaingia kwenye kitu kingine, kizito, kinachonata. Akakichomoa, akapaka, akasugua, akanusa. Hakuna kitu. Hapakuwa na nyika, wala kondoo, wala moshi wa kuni. Palikuwa na utupu tu, na nyuma yake, mbali, harufu hafifu ya bati.

Mtungi mzima ulikuwa mafuta ya kiwandani. Samli ilikuwa kofia tu.

Alimtazama Bi Wajiha, akaona uso wa mwanamke anayengoja kusifiwa. Mnafiki mkubwa, aliwaza. Kisha alimtazama Nuha.

"Ya nyikani," alisema Bahija. "Mpaka chini."

Vigelegele vikapaa tena. Huo ndio uwongo wa kwanza pua yake ilioutoa kwa miaka kumi. Jioni hiyo aliosha kiganja chake kwa sabuni mara tano, akakisugua kwa limau, na bado alikiweka mbali na mwili kama mkono wa mtu mwingine.

Alidhani uwongo huo utakaa ndani ya nyumba yake. Haukukaa. Siku ya nne Fattum alipita akihema, nyuma yake hamali na mtungi.

"Mama Nuha, mwaka huu tumekupumzisha miguu! Haji Bakri ametupunguzia, lira kumi na saba, kwa kuwa tuko wengi. Mitungi kumi na mmoja mtaani! Tulimwambia tunataka ileile ya Mama Adib. Wewe umekwisha kuipima, tukusumbue tena ya nini?"

"Mmeifungua?"

"Tufungue ipoteze harufu? Tunaingoja Ramadhani."

Bahija akakaa juu ya kizingiti. Samli ya kweli haishuki lira nne kwa siku nne; basi mwizi hakuwa Bi Wajiha. Nyumba kumi na moja zingefuturu kwa nta, nazo zingeila kwa sababu yeye alisema ileni. Haji huyo, mwenye tasbihi ya kaharabu na salamu ndefu! Alijua kwamba mtungi wa uchumba hauchomwi kijiti. Alikuwa anaiba kwa kutumia adabu za watu, na yeye Bahija amempa leseni. Hakujua nani anamchukiza zaidi, yule mzee au yeye mwenyewe.

Alijifunika baibui, akaenda moja kwa moja kwa Bi Wajiha. Alimkuta anachambua dengu.

"Karibu, mkwe mwenzangu. Kuna heri?"

"Hakuna. Mtungi ulioniletea ni mafuta ya debe, kuanzia hapa." Alionyesha kiganja. "Nilidanganya mbele ya watu kwa ajili ya watoto."

Bi Wajiha aliacha dengu. Uso wake ukawa mwekundu, kisha wa kijivu. "Unaniambia mimi nimekuletea uchafu?"

"Nilifikiri hivyo. Kwa siku nne nimekutukana moyoni, na nakuomba radhi. Lakini nikuulize: alipoujaza, uliona kwa macho yako?"

"Aliingia nao chumba cha nyuma," Bi Wajiha alisema polepole. "Alinipa kahawa. Aliniuliza habari za Adib, akamwombea dua." Ghafla akalisukuma sinia, dengu zikatawanyika sakafuni. "Niliuza bangili ya marehemu mama yangu kwa mtungi ule! Na alimwombea dua mwanangu, yule nguruwe!"

"Haramu hata kumtaja," alisema Bahija.

"Nguruwe! Nguruwe! Nguruwe!" alisema Bi Wajiha. Kisha akamgeukia. "Na wewe ulijua, ukanyamaza. Ukaniacha nijisifu kama mpumbavu. Adib atakuja kukujibu kuhusu harusi. Mimi sasa sina la kukwambia."

Bahija alirudi mtaani, na kabla ujasiri haujamwisha alisimama katikati ya uchochoro, akawaita wanawake wote kwa majina, akawaambia alichokifanya. Hakujitetea. Baadhi walimtazama kama wanavyotazama nyama iliyolala. Fattum alitema mate pembeni.

"Afadhali umetema," alisema. "Haya, nani ana hamali?"

Asubuhi iliyofuata mitungi kumi na mmoja ilipangwa mbele ya duka la Haji Bakri, kila mmoja na mwenyewe amekaa juu yake kama kuku anayeatamia. Hakuna aliyekuwa ameivunja plasta. Bahija alikuwa amewakataza. Angekuja kuivunja Haji mwenyewe, mbele ya soko zima, na alambe ya chini. Wachuuzi walikuwa wameacha mizani zao. Mabedui wawili walishusha viriba, wakakaa juu yake ili waone vizuri.

Halafu umati ukapasuka, akaingia Bi Wajiha na mtungi wa kumi na mbili, ule wa uchumba, Adib na Nuha wameushika huku na huku. Hakumsalimu Bahija. Lakini aliuweka mtungi kando yake, akaketi, bega kwa bega, na akakunja mikono ya baibui mpaka kwenye viwiko.

"Anakuja saa ngapi?" aliuliza, akitazama mbele.

"Akimaliza kunywa chai," alisema Bahija.

Mwanzoni mwa soko, watu walianza kusogea pembeni kupisha njia.