Kuipeleka Sindo Pikipiki ya Marehemu Okelo

Nilitoka Migori kwa sababu ndugu za marehemu walituma neno kwamba mazishi ya baba mdogo Okelo hayajaisha. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa kwao Sindo, karibu na ziwa. Kilichobaki, walisema, ni tero buru, ile desturi yetu ambapo wanaume huswaga ng'ombe wa marehemu hadi mpaka wa kijiji kwa nyimbo na mikuki ili kukifukuza kifo. Okelo hakuacha ng'ombe, aliacha pikipiki. Basi pikipiki ndiyo ng'ombe wake, na mimi, ambaye Okelo alinifundisha kuiendesha, niilete.

Neno hilo lilitoka kwa kaka yao mkubwa, Ogola. Huyu ndiye aliyeiita pikipiki "punda wa Mzungu" tangu siku Okelo alipouza fahali wake akainunua. "Mwanamume anauza ng'ombe ananunua kelele," alikuwa akisema kila penye pombe. Sasa Okelo amekufa kwa homa ya mapafu, kelele imeanza kumpendeza Ogola.

Asubuhi, Migori, alikokuwa akiishi Okelo. Niliifuta pikipiki vumbi kabla ya kuondoka, kama alivyokuwa akifanya yeye. Kiti chake Okelo alikirefusha kwa ubao na gunia lililojazwa sufi, ili mkewe Boke na watoto wao wawili wakae vizuri. Pikipiki hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lao. Ilipeleka samaki wakavu Kehancha, kwa kina Boke, ikarudi na nafaka ya wimbi ambayo Boke aliiuza sokoni. Jioni, Okelo alipofika juu ya mteremko wa nyumbani, alizima injini akaiacha iteremke kimya, kwa kuwa kitinda mimba wake alikuwa amelala. Majirani walimcheka. Mtu amenunua kelele, halafu anairudisha nyumbani kwa kunyata.

Baada ya Rongo barabara ilikuwa tope, na nilifika Homa Bay jua likiwa utosini. Nilisimama kwa mzee mmoja mwenye duka, Mwislamu aliyetoka pwani zamani, ambaye Okelo alipenda kununua petroli kwake.

"Hii si ya Okelo?" aliuliza.

"Ni yake. Amefariki."

Alimwombea. Kisha akatandika kitambaa kwenye mdomo wa tangi, akamimina petroli polepole.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa kaka yake, Ogola."

"Ogola!" Alicheka bila furaha. "Okelo alimleta mke wa huyo hospitali hapa, ana uchungu wa kuzaa, amemfunga kwa leso mgongoni mwake asianguke. Mtoto akazaliwa salama. Mume akaja kesho yake kwa miguu. Unajua alisema nini? Kwamba mke wake ananuka petroli." Alifunga tangi. "Nisalimie huyo. Mwambie pikipiki bado inanuka."

Alasiri nilipita bonde la Lambwe, na mbung'o wakanipokea. Okelo alikuwa akisema mbung'o ni kama jamaa zake. Ukikaa kitako hawana habari nawe, ukianza kwenda mbele wanakufuata. Wawili waliniuma shingoni kabla sijaliona tena ziwa.

Jioni, Sindo. Dagaa walikuwa wameanikwa mpaka kando ya njia. Ogola alitoka langoni, akalipapasa tangi. "Karibu nyumbani," aliiambia pikipiki. Mimi hakunisalimu. Usiku wote jamaa walisimama mmoja mmoja kumsifu marehemu: alikuwa mtu wa maendeleo, aliwatangulia wote kuona mbali. Niliwahesabu katika moyo wangu wale waliokuwa wakimcheka, nikaona ingekuwa rahisi zaidi kumhesabu asiyemcheka. Alikuwa mama yake, bibi yangu Dani Abich, naye hakusimama kusifu.

Boke aliniletea maji ya kunawa. Alikuwa hapo na watoto tangu mazishi.

"Ogola amesema atakayeongoza buru ndiye atakayeitunza pikipiki," aliniambia kwa sauti ya chini. "Na atakayeitunza pikipiki atatutunza na sisi. Anasema sirudi tena Migori."

"Na soko, mama mdogo?"

"Soko gani bila miguu?"

Asubuhi iliyofuata niliushika usukani wa pikipiki. Ogola akanisukuma kando. "Mtoto haongozi buru." Nikasema basi niiwashe tu. "Ng'ombe huswagwa," alisema, "hawashwi." Wakaifunga kamba usukanini. Wanaume wazima, na mikuki yao, waliivuta pikipiki mlimani wakiimba, huku wengine wakilicharaza bamba lake la kukinga matope kwa fimbo ili itembee. Kila penye jiwe ilikwama, na kila ilipokwama waliilaumu.

Mpakani walikipigia kifo kelele. Kurudi lazima iwe mbio, kifo kisiwafuate, lakini chuma hakikimbii kwa fimbo. Ogola akapanda. "Nisukumeni," akasema. Walimsukuma, na mteremko ukafanya yaliyobaki. Nilimwona akikamata klachi kwa nguvu zake zote, akidhani ni breki. Lango lilikuwa kushoto. Yeye alikwenda moja kwa moja, akaupasua ua wa minyaa, akasimama katikati ya boma, maziwa ya minyaa, yanayochoma macho, yakimtiririka usoni.

Nyimbo zilikatika. Watu wote walitazama lile tundu.

Dani Abich alitoka na fimbo yake. "Imeingilia wapi?"

"Kwenye ua, Mama," alisema Ogola, "lakini ilikuwa—"

"Nimeuliza wapi. Hapa kinachopitia tundu la ua ni mwizi, au maiti ya aliyejinyonga. Hakilali katika boma langu."

"Mama, hiki ni chuma tu," alisema Ogola, macho yamefumba.

"Tangu jana ni ng'ombe, shemeji," Boke akasema.

Wazee waliangalia chini. Walikuwa wameimba asubuhi nzima kwamba ni ng'ombe.

"Itoke," alisema Dani, akimwangalia Boke na watoto. "Na wenye nayo watoke nayo, wasituachie mkosi."

Niliinyoosha taa iliyopinda, nikafunga mizigo. Ogola alikuwa ameketi akioshwa macho. Si desturi yangu kuzungumza na wakubwa, lakini nilimwendea.

"Baba mkubwa, kuna mzee wa Homa Bay anakusalimu. Anasema bado inanuka."

Aliomba aongezewe maji.

Tulirudi watu wanne, mdogo tangini mbele yangu, sisi wengine juu ya gunia la sufi, na mbung'o wa Lambwe wakatusindikiza kama kawaida yao. Nilikuwa nimejifunza kwamba jamaa wanaweza kukucheka maisha yako yote, kisha wakalilia chuma chako kwa machozi ya kweli, na kwamba mwiko wao una haki kuliko wao.

Migori tulifika jua likishuka. Juu ya mteremko wa nyumbani mdogo alikuwa amelala kifuani pangu. Mkubwa akanigusa bega.

"Baba huizima hapa," alisema.

"Zima, basi," akasema Boke.

Nikazima.