Kofia ya Jirani

Mtaani kwetu, ambako siku hizi salamu ni kunyanyua nyusi tu, amebaki mtu mmoja anayevua kofia: jirani yangu, mzee mwenye upara unaong'aa kama sufuria mpya. Humwagilia mchicha wake kwa birika la chai, maana mpira wa maji, asema, umewafundisha watu uvivu. Akipita yeyote, hata mtoto mwenye kamasi, hutua birika, akavua kofia. Kuku wa mkewe, mdonoaji wa mchicha huo, hutukanwa kutwa: "Mwizi wewe, kisu kinakungoja!" Juzi kuku huyo aliikuta kofia imesahauliwa kibarazani, akataga humo, akalalia yai lake.

"Mtoe, baba, jua litakukaanga kichwa," mkewe alimwambia.

"Mzazi hafukuzwi kitandani, mama. Hata akiwa mwizi."

"Haya, na watu utawavulia nini?"

Hapo aliingia ndani, na mchicha ukashinda na kiu. Leo asubuhi nimemkuta bustanini, kichwani kofia pana ya mkewe yenye utepe wa maua. Aliponiona alitua birika, akaivua kwa heshima zake zote. Mimi kofia niliacha kuvaa zamani, nikavua miwani.