Kopo la Kutki kwa Ini la Gabrieli

Niliondoka Tanga kwa sababu ya ini la mdogo wangu. Gabrieli nilimlea mimi baada ya mama kufariki. Nilimwogesha, nikamchapa, nikamsomesha. Sasa anaishi Eagan, Marekani, na alinipigia simu kusema ini limevimba na daktari anamfuatilia kwa karibu. Mimi si mtu wa kukaa na kungoja. Nilikwenda kwa Mhindi muuza dawa mtaani kwetu, nikanunua kopo la unga wa kutki, mzizi wa milima ya Himalaya ambao waganga wa Kiayurveda, tiba ya jadi ya India, wameutumia kwa ini tangu zamani.

Kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis nililitaja kopo langu kwa afisa wa forodha. Afisa alilifungua, akanusa, akakunja uso, akanirudishia haraka. Nje Gabrieli alinivika koti lake mwenyewe. Alikuwa amekonda mno, nikalia palepale kwenye maegesho.

Asubuhi ya kwanza, Eagan, nilichemsha kutki. Uchungu wake unaushinda mwarobaini, lakini Gabrieli alikunywa mpaka tone la mwisho. Mkewe Wanjiru, Mkenya, ni nesi. Aliingia kutoka kazini na sare yake.

"Wifi, hiyo ni nini?"

"Dawa ya ini."

Alimtazama mumewe. "Sawa, wifi. Wacha ni-shower halafu nikupikie chai."

Nikaona nimekubaliwa. Nilimnywesha Gabrieli asubuhi na jioni, huku nikiringa.

Siku ya kumi tulivuka mto kwenda hospitali, Saint Paul. Daktari, mama mpole, alisema vipimo vya damu vimepanda na hajui kwa nini. Akauliza kama Gabrieli anatumia mitishamba yoyote. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, nilimwelewa vizuri. Gabrieli alijibu hapana. Wanjiru akatazama viatu vyake.

Hapo ndipo nilipowaelewa. Mimi ni mgeni, tena mkubwa, tena kama mama. Wote wawili walikuwa wananistahi. Niliona aibu, na hofu zaidi ya aibu. Nikatoa kopo mkobani.

"Anakunywa hiki," nilisema. "Nampa mimi."

Daktari hakunigombeza. Alisema hajui mzizi huo unapatanaje na dawa za hospitali anazotumia Gabrieli, basi uachwe, damu ipimwe tena.

Garini nilimuuliza Wanjiru mbona hakuniambia.

"Ningeanzia wapi, wifi? Kila siku nili-plan kukuambia, mdomo unakataa."

Wiki mbili baadaye vipimo vilishuka. Kama ni kwa kuacha kutki, hata daktari hakuwa na hakika.

Siku ya kurudi, Gabrieli alinikumbatia uwanjani. "Dada, hata ungenipa sumu ningekunywa."

Alisema kwa mapenzi, akicheka. Mimi sikucheka. Safari nzima nilimfikiria mtoto niliyemfundisha kutonibishia, na jinsi adabu hiyo ilivyokaribia kumponza.

Jumapili iliyopita nilimwambia kwenye simu avae soksi mbili-mbili kwa ajili ya baridi.

"Hapana, dada," akasema.

Nikamshukuru Mungu.