Gumegume za Sebuleni

Mama Mdogo alikuwa fundi cherehani, na sebuleni kwake mwenyewe alipita kiubavuubavu, mgongo ukigusa ukuta. Sisi watoto wa dada yake tulimwita Mama Kaa, na aliitika. Aliziogopa bunduki za mumewe, basi, wala hakuona haya kulisema.

Baba Mdogo, mfamasia mstaafu, alikusanya gumegume, zile bunduki za karne ya kumi na nane zinazowashwa kwa jiwe. Alizipaka mafuta kuliko alivyowahi kujipaka mwenyewe. Mgeni akija, alishusha ile ndefu kuliko zote, akamlenga, akafyatua. Cheche ziliruka, mgeni akaruka, mwenye nyumba akacheka mpaka machozi. Alisema bunduki hiyo ilikufa kabla babu yake hajazaliwa. Mama Mdogo alimwomba aache, kwa upole, kwa kununa, hata kwa kumnyima neno siku nzima. Alikuwa akiongea na ukuta.

Jumamosi moja alikuja mkusanyaji mwenzake, mzee mpole mwenye miwani. Binti yao wa pekee akaingia na sinia la chai. Baba Mdogo akashusha ile ndefu, akavuta nyuma mtambo unaoshika jiwe, akamwelekezea mwanawe mtutu.

Mama Mdogo akabanduka ukutani. Akasimama mbele ya binti yake, meno yakigongana kwa hofu.

"Kama imekufa, nipige mimi."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinikausha kinywa. Mgeni naye hakucheka. Akausukuma mtutu taratibu ukaelekea dari, akamtaka mwenyeji wake ateremshe mtambo polepole, kisha akaomba mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti. Akautumbukiza mtutuni hadi ukagota, akaushika kwa kidole pale ulipotokeza mdomoni mwa mtutu, akautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha ya ufito ilipaswa kufika kwenye kitundu cha kupitishia moto. Haikufika.

"Ina risasi ndani," akasema. "Na baruti ikikaa pakavu haizeeki, ndugu yangu."

Baba Mdogo akabisha: mbona ameifyatua mara chungu nzima, hata kumlenga binti yake siku ya mahafali, na haikulia? Mgeni akafunua kisahani kilicho kando ya kile kitundu. Mlikuwa na chembe nyeusi zilizovuja kutoka ndani. Akauliza ni nani aliyekizibua kitundu.

"Mimi," akasema Baba Mdogo, na sauti ikaanza kumpotea. "Kilikuwa kimeziba kwa kutu tangu niinunue. Nimekisafisha leo asubuhi, kwa sababu unakuja wewe."

Mgeni aliomba maji ya kumimina mtutuni, nikakimbilia jikoni. Niliporudi, Baba Mdogo alikuwa bado ameishika ile bunduki; alitaka kuiachia, vidole vikakataa kufunguka. Mama Mdogo ndiye aliyekuwa akimbandua kimoja kimoja, huku analia na kutetemeka, mwili wake ukiwa kati ya mtutu na mtoto.