Chapa Kwenye Paja la Ng'ombe

Niliitaka kazi ile ya kufasiri kuliko kitu chochote. Gari la sinema lilifika Katesh bila mfasiri, maana aliyekuwepo alishikwa na homa njiani. Mwendesha mashine ya kuonyeshea picha akaniambia wazi: nikifasiri vizuri picha ya alasiri ile, kesho napanda gari kwenda Mogitu, kisha Masakta na kuendelea. Nikivuruga, nabaki Katesh.

Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada na magazeti ya kufungia sukari dukani. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nilikijua kwa macho tu. Wamarekani wakikisema upesi, nilikuwa nikiambulia neno moja katika matano.

Ghala la mahindi lilikuwa limejaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Wenye maduka waliketi mbele. Wafugaji kutoka mbugani walisimama nyuma na fimbo zao. Nilikuwa nimeona picha tatu tu za Hollywood, Arusha: moja ya vita, moja ya wacheza dansi, moja ya wapanda farasi. Kutoka hiyo ya mwisho nilijitungia kanuni, kwamba mwenye kofia nyeupe ndiye mwema. Basi mwenye kofia nyeupe alipotokea akiswaga ng'ombe wengi, nilishika kipaza sauti nikasema, "Huyu ndiye mwenye mali. Anawapeleka ng'ombe wake malishoni."

Mwenye kofia nyeusi alipomfuata akizungumza kwa hasira, sikuelewa hata neno. "Huyu ni mwizi," nikasema. Nyuma walianza kunong'onezana. Niliongeza sauti. Jasho lilinitiririka mpaka kiunoni, na nilijua kabisa kwamba nabuni.

Mkanda wa kwanza ukaisha. Mablanketi yakafunuliwa ili mwendesha mashine aone anapoweka wa pili. Mzee mmoja wa wafugaji akaja mpaka mbele yangu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Ng'ombe wale wana chapa pajani. Umeiona?"

"Sikuiona, mzee."

"Duara na mstari. Ile ile iko juu ya lango la boma la mwenye kofia nyeusi. Sasa wewe unamwita mwizi wa ng'ombe wake mwenyewe. Huko kwenu mjini mnaibiana hivyo?"

Wafugaji wakacheka. Mwenye duka mmoja akasema, "Mwache kijana, mzee. Kasoma huyo."

"Kasoma nini? Mimi sikusoma, na nimeona."

Mwendesha mashine alikuwa ameacha kufunga mkanda, ananitazama. Ningeweza kusema kwamba mzee hajui mambo ya Amerika. Wenye maduka wangeniamini, na kiti changu garini kingebaki changu. Nililifikiria hilo, sifichi. Lakini picha ilikuwa imebakiza nusu, na mzee angesimama pale pale nyuma akiisoma kila paja.

Niliinua kipaza sauti. "Mzee amesema kweli. Maneno yao sikuyasikia vizuri. Nilikisia."

Mablanketi yakashushwa. Mkanda wa pili nilifasiri nikiwa nimesimama karibu na mzee, nikisema nilichosikia, na pale nisiposikia, nikinyamaza.

Tulipotoka nje, mwendesha mashine alikuwa anafunga mashine yake kwa turubai. Hakugeuka. "Kesho saa mbili asubuhi, Mogitu," alisema. "Angalau unakiri usipojua. Picha ni hii hii. Kabla jua halijazama, mfuate yule mzee akufundishe chapa. Ukikosea tena, unarudi kwa miguu."

Nilimfuata. Bomani kwake alinisimamisha mbele ya ng'ombe wawili na kuniuliza kama ni wa mtu mmoja. Nilitazama chapa za mapajani mwao.

"Ni wa mtu mmoja, mzee."

Akatikisa kichwa. "Tazama tena."